Utepe Mwekundu Kwenye Usukani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na pale hanga, kwenye banda la ndege, wote wanalijua hilo. Nikimkuta mtu amekalia sanduku langu la bisibisi, namwinua kwanza, salamu baadaye. Mtu mmoja tu hasira zangu hazikumpata: rubani wetu, kijana wa Kihehe aliyezaliwa na kukulia Kariakoo. Mimi ni Mngoni, na Mngoni na Mhehe ni watani. Mtani humkasirikii. Akichukua chapati yako akaila mbele ya macho yako, unacheka. Akikuita mtumwa aliyetoroka, unamkumbusha kwamba babu yake ndiye aliyekuwa akimchotea maji babu yako, na kazi inaendelea.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya siti sita na injini moja, mali ya bwana mmoja aliyekuwa akiikodisha kwa wakandarasi na watalii. Ilishuka sana kwenye viwanja vya vumbi huko mikoani, ikirudi Dar imebadilika rangi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wake. Kijana akiirusha, mimi naiponya, ndivyo tulivyogawana.

Siku moja alirudi kutoka Songea, akashuka anajinyoosha mgongo, akaniambia, "Mtani, usukani wako unasita. Nikivuta unakuja, halafu unafikiria kwanza."

Nilipanda nikakaa kwenye kiti chake. Usukani wa ndege kama ile hauzungushwi tu kama wa gari. Unavutwa na kusukumwa pia. Umeshikwa na shafti, bomba la chuma linaloingia ndani ya dashibodi na kutoka mfano wa droo ya kabati. Ukivuta, pua ya ndege inapanda. Ukisukuma, inashuka. Shafti ziko mbili, ya rubani na ya anayekaa kulia, na huko ndani zimeungana, kwa hiyo uchafu wa upande mmoja unambana hata aliyeshika upande wa pili. Nilivuta mpaka tumboni. Pale mwishoni niliusikia ukikwaruza.

Nilifuta shafti kwa tambara safi, tambara likatoka jeusi tii. Nikalinusa. Hakuna mtu aliyeishi Kariakoo asiyeijua harufu ile. Ni mafuta ya cherehani, yale ya kichupa chembamba chenye mdomo mrefu. Kariakoo yale ni dawa ya kila kitu: kufuli likigoma, feni ikilia, mkasi ukiwa mzito, bawaba ya mlango ikipiga kelele usiku. Lakini shafti ya usukani haitaki mafuta ya maji maji. Inataka kuwa safi na kavu, au ipakwe kilainishi kikavu kidogo sana. Ukiimwagia mafuta, siku ya kwanza inateleza vizuri mpaka unajisifu. Halafu vumbi la viwanja linanasa, linakuwa uji mweusi, na uji ule unakula chuma na kukaza.

"Nani kapaka hii?" nilimuuliza.

"Mama. Yaani, mimi, lakini kanipa mama. Nilimwambia usukani mkavu, akasema cherehani yake ina umri wangu na haijawahi kukwama."

Mama yake nilimfahamu vizuri. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza moja ya kichochoro cha karibu na Msimbazi, na magauni yangu yote ya harusi za watu alishona yeye. Kumsema vibaya singeweza. Nilimsema mwanawe.

Siku iliyofuata nilisafisha shafti zote mbili kwa spiriti. Pale shafti inapoingia kwenye dashibodi kuna pete inayoishika isicheze, na pete imefungwa kwa skrubu ndogo nyeusi. Nyuma ya ile ya rubani uchafu ulikuwa umejikusanya, kwa hiyo nilizitoa skrubu, nikailegeza pete, nikasafisha. Kopo la kilainishi kikavu likawa limeisha. Nikaamua kuiacha pete inaning'inia mpaka ninunue kopo jipya, kwani ndege haikuwa na safari mpaka Jumatatu. Skrubu niliziweka kwenye kiberiti kitupu, kiberiti nikakitia mkobani mwangu. Ndivyo nilivyofundishwa: skrubu ya usukani hailali mezani. Kisha nikafunga utepe mwekundu kwenye usukani.

Utepe mwekundu maana yake usiguse. Kila mtu wa ndege anajua hivyo, hata anayefagia. Ila mtani wangu alikuwa ameshauharibu. Aliwahi kuufunga kwenye chupa yangu ya chai. Akaufunga kwenye kiti changu, kwenye kandambili zangu, mpaka siku moja kwenye mkia wa paka wa hanga. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba kile si kitu cha kuchezea, na kila nilipomwambia alinijibu, "Mngoni akiona nyekundu anakumbuka vita." Watu walicheka, nami nilicheka, maana utani ndivyo ulivyo.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Kariakoo kutafuta kopo. Nilipita katikati ya mikokoteni na makuli waliobeba marobota, wanapiga mluzi upishe njia, mpaka Gerezani kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vifaa vya mashine. Baba yake aliuza pale pale kabla yake. Duka lina giza na feni moja, na kwenye kona kuna picha ya mungu wao iliyovishwa maua mabichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo ndege inaumwa nini?"

Nilimwambia. Akateremsha makopo mawili yanayofanana kama mapacha. La kwanza alilipuliza kwenye kipande cha karatasi, akakiweka kwenye mwanga wa mlangoni. Doa lilibaki linang'aa, na karatasi ikawa kama iliyofungia maandazi. "Hii feki," alisema, "ina mafuta ndani. Wananiletea, nawarudishia." La pili alipuliza, tukasubiri, doa likakauka na kupotea. Alinikabidhi hilo, akaniambia nimsalimie kapteni.

Nilipotoka nilikuwa na furaha. Nilifikiri, nimekuja mpaka huku, nipitie kwa mama wa rubani nione kama gauni langu limekwisha.

Barazani hakuwepo. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa kitenge. Jirani yake, kaka mmoja wa Mtwara anayeshona suruali pale pale ubavuni, alikuwepo, mguu uko kwenye pedeli.

"Mambo, dada?"

"Poa. Mama yuko wapi?"

"Ah, mama leo wa juu! Kaenda uwanja wa ndege. Kijana wake kapata safari ya ghafla, anaenda Iringa kuchukua wageni. Ndege inaenda tupu, basi kamwambia panda ukamwone mjukuu wako. Mama kavaa mpaka viatu vya Idi."

Nilimwuliza, ndege ipi. Nilijua ni swali la kipumbavu. Kijana wake alikuwa na ndege moja tu.

"Hiyo hiyo yenu," alisema. "Tena kapitia hapa kumchukua, kaomba na kichupa cha mafuta. Anasema fundi wake kakausha vyuma vyote, Wangoni hawajui kupaka mafuta."

Nilifungua mkoba, nikakishika kile kiberiti. Skrubu zilikuwa humo, zikagongana. Ndege ilikuwa uwanjani na skrubu zake zilikuwa Kariakoo, mkononi mwangu.

Niliona wazi alichokifanya, kama vile nilikuwepo. Ameukuta utepe, amecheka, ameufungua. Ameona pete imelegea, ameisukuma kwa kidole. Kwa kuwa ameimwagia mafuta, imeingia kirahisi na kukaa kama iliyofungwa. Vichwa vya skrubu ni vidogo na vyeusi, kutokuwepo kwavyo hukuoni ukiwa na haraka na una mama yako pembeni. Ukivuta usukani nusu, hutajua kitu. Ukivuta mpaka tumboni, kama rubani anavyofanya magurudumu yanapotaka kugusa ardhi, pete inaifuata shafti, inakaa upande, inauma. Hapo huvuti wala husukumi.

Nilimpigia. Iliita mpaka ikakatika. Nikampigia tena. Nikampigia bwana mwenye ndege, simu yake imezimwa. Nilikuwa nimesimama kichochoroni, machinga wananipita na mabegi na vyungu, spika ya mwuza dawa ya mende inaimba juu ya kichwa changu, na mimi ninabonyeza simu kama nataka kuitoboa.

Ndipo nilipomkumbuka mama. Nikampigia yeye. Akapokea mara moja, na nyuma yake nikaisikia injini.

"Mama, shikamoo."

Naam, nilimwamkia. Moyo uko mdomoni, lakini mtu mzima humwambii jambo kabla ya kumwamkia, ulimi wenyewe unakataa.

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Wanao hawajambo? Mimi niko ndani ya ndege, ungeniona! Nimefungwa mikanda kama mtoto mgongoni."

"Sijambo, mama. Mpe simu mwanao."

"Anawasha mashine. Gauni lako nimeliacha kwa..."

"Mama, mpe hivyo hivyo. Tafadhali."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti yake, ya juu na ya furaha. "Mtani! Umeamka na wivu?"

"Zima ndege."

"Nizime kwa nini?"

"Pete ya usukani haina skrubu. Ninazo mimi mkobani, niko hapa kwenye baraza ya mama yako. Zima."

Alicheka. Nilimsikia akimwambia mama yake, "Unaona? Ndiyo hao Wangoni. Hawataki Mhehe aruke."

"Sikutanii."

"Lini mtani akasema anatania?"

"Utepe wangu umeufanya nini?"

"Nimemfungia mama kwenye mkoba. Umempendeza kweli."

Nilimtukana. Nilimwambia ni mjinga, ni mpumbavu, akitoka pale mzima nitamvunja mguu. Akazidi kucheka, maana hayo yote nilikuwa nimeshamwambia mara nyingi, kuhusu chapati na kuhusu paka. Niliapa kwa Mungu, akaniambia Mungu wa Wangoni yuko likizo. Nilijaribu kulia na nikalia kweli, akasema, "Eeh, leo umejiandaa." Kila neno nililokuwa nalo tulikuwa tumeshalichakaza. Injini iliongezeka sauti. Yule kaka wa Mtwara alikuwa ameacha kushona, ananitazama na mdomo wazi.

Mimi nimempita yule kijana miaka mingi. Ningeweza kuwa dada wa kwanza na yeye kitinda mimba. Kwetu mkubwa hamwamkii mdogo. Mtoto ukimtania hivyo kwa mchezo, wazee wanakukemea, wanasema unamwitia balaa. Sijui lilitoka wapi. Nilishusha sauti kabisa, nikasimama wima kama mtu aliye mbele ya mkwe, nikasema:

"Shikamoo, Kapteni."

Kicheko kilikatika.

"Unasemaje?" aliuliza, na ile haikuwa sauti ya mtani wangu.

"Nasema shikamoo. Vuta usukani mpaka tumboni. Halafu jaribu kuusukuma."

Simu ikakatika.

Sikujua kama ameikata yeye, au mama amebonyeza bila kujua, au wameshaanza kukimbia kwenye njia ya kurukia. Nilipiga, haikupatikana. Nilipiga tena, haikupatikana. Kaka wa Mtwara alinisogezea stuli ya mama, nikakataa kukaa, nikakaa, nikainuka. Akaniuliza kama aniletee maji, nikamfokea, akanyamaza, maskini, hakuwa na kosa lolote.

Kisha nikasikia ndege. Mimi najivunia masikio yangu, ndege yangu naijua kwa mlio kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Siku ile sikuijua. Jenereta la duka la jirani lilikuwa linanguruma, spika ya dawa ya mende inaimba, na kati ya maghorofa kuna kipande cha mbingu kisichozidi upana wa khanga. Nilikimbia mpaka mwisho wa kichochoro kutafuta pa kuona, nikagongana na mkokoteni wa vitunguu, mwenyewe akaniambia, "Sista, unatembea umeangalia juu, una deni na Mungu?" Ndege ilipita nyuma ya ghorofa. Niliona bawa tu, jeupe, na mabawa yote ni meupe.

Nilirudi barazani taratibu. Nilikaa kwenye stuli ya yule mama, mbele ya cherehani yake iliyofunikwa, nikaogopa. Siogopi kusema hivyo. Niliogopa mpaka meno yakagongana, na jua lilikuwa kali.

Simu ilipoita nilishindwa kuibonyeza. Kaka wa Mtwara ndiye aliyeichukua, akabonyeza, akaniwekea sikioni.

"Umekwama," alisema rubani.

Nilimnyang'anya kaka simu, nikaishika mwenyewe.

"Nimevuta, haukurudi. Nimesukuma kwa mikono miwili, haukurudi. Tulikuwa tumeshafika mwanzo wa njia, dada, nilikuwa nasubiri ruhusa tu." Alikuwa anapumua kama aliyepanda ngazi. Hajawahi kuniita dada kabla ya siku ile.

Nyuma yake, wazi kabisa, nilimsikia mama yake akiuliza, "Ndiyo tumeshafika?"

Nilichukua bodaboda. Nilimwambia dereva akimbie, kisha nikamwambia asikimbie, akasema nichague moja. Nilipofika walikuwa wameivuta ndege na kuirudisha mbele ya hanga. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa bawa, mkoba mapajani, viatu vya Idi vimeshaingia vumbi. Mwanawe alikuwa amesimama mbali naye, mikono kiunoni, anatazama chini.

Nilivaa ovaroli juu ya gauni, nikapanda. Pete ilikuwa imelala upande na kuuma shafti, nikaipigapiga taratibu kwa mpini wa bisibisi mpaka ikaachia. Ilitoka inachuruza mafuta. Nilifuta, nikafuta tena, nikafuta ya kulia nayo, mpaka tambara likatoka kama lilivyoingia. Nikakifungua kiberiti, nikazirudisha skrubu moja moja. Kilainishi sikukipuliza moja kwa moja kwenye shafti, maana nyuma ya dashibodi kuna nyaya. Nilikipuliza kwenye kitambaa, nikapaka kidogo, nikasubiri kikauke. Kisha nikavuta mpaka tumboni na kusukuma, nikavuta na kusukuma, mpaka mabega yakauma.

Niliposhuka na matambara mkononi, mama alinyoosha mkono. Nilimpa moja. Alilinusa.

"Haya ni mafuta yangu," alisema.

Hasira zangu zote zilikuwa zimerudi kufikia hapo, na nilitaka zimpate mtu. Nilimtazama yule mama na miwani yake ya kushonea inayoning'inia shingoni.

"Ni yako, mama. Yamefanya pete iteleze. Lakini hayakufungua utepe."

Alimgeukia mwanawe. Yeye akasema, "Nilidhani ananitania." Alisema kwa sauti ndogo. Mama yake aliinuka, akaniomba nimsaidie kupanda. Nilimkalisha kwenye kiti cha rubani. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akauvuta taratibu mpaka ukamgusa kifuani, akausukuma, akauvuta tena, ameinamisha sikio kuelekea dashibodi. Ndivyo anavyoisikiliza cherehani baada ya kubadili sindano.

"Sasa unakwenda," alisema, akashuka.

Mwanawe alipata uhai kidogo. "Basi panda, mama. Wageni wa Iringa wananisubiri. Fundi amemaliza, hakuna tena shida."

Mama alikuwa anajifunga khanga kiunoni. Alimaliza kuifunga vizuri ndipo akamtazama.

"Ndege siiogopi, baba," alisema. "Naogopa wewe unavyocheka."

Kisha alinishika mkono, akaniomba nimsindikize getini akatafute bajaji ya kwenda stendi ya mabasi. Nilimbebea begi lake. Mwanawe hakutufuata.